Kinywa kinanuka hata ukipiga mswaki: tafuta harufu inakotoka kabla ya kununua dawa

Aliyeniambia ni shangazi yangu. Tulikuwa uani kwake Tanga tunachambua mchele kwenye ungo mmoja, vichwa vimekaribiana, akaacha kuchambua akanitazama. "Mwanangu, usinichukie. Kinywa chako kinatoa harufu, na si ya leo." Nilikuwa na miaka 27, napiga mswaki asubuhi na usiku, na hakuna mtu aliyewahi kunigusia jambo hilo, si rafiki wala mtu wa kazini.

Nikaamua ni tumbo, kama wanavyoamua wengi. Nikanywa dawa za minyoo, vidonge vya kupunguza asidi, maji ya shubiri, unga wa mlonge. Karibu miaka minne. Harufu ilibaki palepale. Mwishowe tabibu mmoja wa meno alichukua kijiko cha chai, akakikwaruza taratibu nyuma kabisa ya ulimi wangu, akapaka alichokipata kwenye pamba nyeupe na kunisogezea puani. Ulikuwa ute wa manjano, haufiki punje ya mtama. Ndiyo ilikuwa harufu yenyewe. "Tumbo lako halina kosa," akasema. Alinikwangua ugaga, yaani uchafu ulioganda kwenye meno, akanifundisha kusafisha ulimi, na baada ya wiki tatu shangazi alininusa akatikisa kichwa kwamba hakuna kitu.

Kwa makadirio ya kawaida ya madaktari wa meno, watu wanane au tisa katika kila kumi wenye harufu ya kudumu, tatizo lao limo mdomoni humo humo: ulimi, fizi au meno. Kwa waliobaki, mara nyingi ni pua na koo. Tumbo lingepaswa kushukiwa mwisho, lakini kwetu ndilo linalotibiwa kwanza, na fedha nyingi zinapotea hapo.

Kwanza hakikisha ipo, na ujue inatokea wapi

Pua ya mtu huzoea harufu yake mwenyewe, kwa hiyo kuhema kwenye kiganja hakukuambii mengi. Lamba upande wa ndani wa kifundo cha mkono, subiri mate yakauke kama sekunde kumi, kisha nusa. Au fanya kama tabibu yule: kijiko nyuma ya ulimi, nusa. Pitisha uzi wa meno kati ya magego, nusa uzi. Usijipime mara tu unapoamka, maana asubuhi karibu kila kinywa kinanuka. Pima saa nne, au alasiri.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni pua ya mtu wa nyumbani unayemwamini. Mwombe waziwazi. Funga mdomo, toa pumzi kwa pua, anuse. Kisha bana pua, toa pumzi kwa mdomo, anuse tena. Harufu ikitoka kwa mdomo tu, chanzo ni kinywa au koo. Ikitoka kwa pua tu, ni pua au sinasi, yaani vile vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Ikiwa sawasawa kote kuwili, huenda inatoka mapafuni au inabebwa na damu, na hapo mswaki pekee hautatosha.

Meno ni safi, fizi hazivuji damu, lakini harufu ipo: angalia ulimi

Simama mbele ya kioo penye mwanga, toa ulimi hadi mwisho. Mbele utaona wekundu. Nyuma, watu wengi wana ukoga: utando mweupe au wa manjano, mzito zaidi kadiri unavyokwenda kooni. Mgongo wa ulimi una vinyweleo kama zulia, na humo hukwama mabaki ya chakula, ngozi ya mdomo iliyokufa na makamasi yanayoshuka kutoka puani. Bakteria wasiopenda oksijeni hujificha chini ya utando huo, wanakula protini na kutoa gesi zenye salfa. Moja ni haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Nyingine ni methili merkaptani, inayokumbusha kabichi iliyooza. Hili halijagunduliwa jana; kuanzia miaka ya 1960 Joseph Tonzetich wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada alizichunguza gesi hizi na kuonyesha kwamba ndizo kiini cha harufu ya kinywa.

Ndiyo maana pipi ya peremende haisaidii. Inaongeza harufu nyingine juu ya ile ya kwanza, na kama ina sukari inawapa bakteria wa meno chakula.

Kusafisha ulimi kunataka kukwangua, si kusugua tu kwa mswaki. Kikwangulio cha plastiki au cha chuma kinauzwa kwenye maduka ya dawa, lakini kijiko cha chai kilichogeuzwa kifudifudi kinatosha. Anza nyuma kadiri unavyoweza, vuta mbele kwa mkono mwepesi, suuza kijiko, rudia mara tano au sita mpaka kije kisafi. Fanya hivyo usiku kabla ya kulala, na asubuhi ukiweza. Kama unahisi kutapika, shika ncha ya ulimi kwa kitambaa, toa pumzi nje polepole huku ukivuta, na siku za kwanza usilazimishe kwenda mbali. Baada ya wiki koo linazoea. Ukiona damu umekandamiza mno.

Tofautisha ukoga huo na utando mweupe unaong'ang'ania, ambao ukiukwangua unaacha wekundu unaouma. Huo unaweza kuwa fangasi wa kinywa. Huwapata watoto wachanga, wenye kisukari, wenye kinga dhaifu, waliotoka kutumia antibayotiki, na wanaovuta pampu ya pumu yenye steroidi bila kusukutua baadaye. Kijiko hakitibu fangasi. Nenda kituo cha afya.

Damu kwenye mswaki, au kwenye embe uliloliuma: ni fizi

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ugonjwa wa fizi ndio unaong'oa meno ya watu wazima wengi, na harufu ni moja ya dalili zake za mwanzo.

Kila siku utando laini hujengeka juu ya meno. Usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ugaga, jiwe kabisa, na jiwe hilo mswaki hauling'oi hata ukisugua mpaka mkono uchoke. Pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ukihisi ukuta wa mkwaruzo badala ya meno yaliyotengana, huo ni ugaga. Hupenda kukaa hapo kwa sababu mirija ya mate inafungukia jirani. Fizi inayogusana na ugaga huvimba, huwa nyekundu iliyokolea, na huvuja damu. Ukiuacha, fizi huachana na jino, pakabaki mfuko ambao mswaki haufiki, na ndani ya mfuko huo bakteria wale wale wa salfa wanastarehe. Baadaye mfupa unaliwa, meno yanaonekana marefu, kisha yanalegea.

Kosa kubwa ni hili: mtu akiona damu anaogopa, anaacha kusugua upande ule. Fanya kinyume. Fizi nzima haivuji damu kwa kuguswa na mswaki laini. Inayovuja inakuambia imeachwa chafu. Laza mswaki kwa mshazari ili nusu ya nywele ziguse fizi, sugua kwa miduara midogo, dakika mbili, mara mbili kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floridi. Pitisha uzi wa meno mara moja kwa siku. Pale penye nafasi kubwa, kijimswaki chembamba cha katikati ya meno ni bora kuliko njiti ya kiberiti, ambayo huchana fizi. Siku za mwanzo damu itatoka. Kama tatizo lilikuwa changa, ndani ya wiki moja au mbili itapungua wazi.

Mswaki wa mti nao unafaa, usidanganywe. Tafuna ncha mpaka iwe nyuzi laini, tupa ncha iliyochakaa, na ujitahidi kufika upande wa ndani wa meno ya nyuma, maana huko ndiko unakoshindwa.

Ugaga uliokwisha kuganda unataka mikono ya mtaalamu. Nimesikia mara nyingi kwamba ukisafishwa meno hospitalini yatalegea. Hapana. Kama meno yanacheza baada ya ugaga kutolewa, mfupa ulikwisha kuliwa zamani, na lile jiwe lilikuwa linayashikamanisha kwa muda. Utakachohisi kwa siku kadhaa ni ganzi ya maji baridi, kisha inatulia. Mjamzito mwenye fizi zinazovimba asione aibu kwenda. Homoni za ujauzito huzichochea fizi, na kusafishwa meno kunaruhusiwa. Mwenye kisukari aende mapema zaidi, kwa sababu sukari ikipanda fizi huharibika upesi, na fizi zikiugua sukari nayo huwa ngumu kushusha.

Kuna watu hununua metronidazoli, aina ya antibayotiki, dukani, wanakunywa siku tano, harufu inaisha kweli, wanashukuru. Baada ya mwezi imerudi. Dawa iliwaua bakteria, ikaacha nyumba yao imesimama. Ukirudia na kurudia unafundisha vijidudu kustahimili dawa ambayo siku moja utaihitaji kwa jambo zito.

Halafu neno moja kwa wenzangu wa Arusha na Meru wenye meno ya kahawia: rangi ile inatokana na floridi nyingi katika maji mliyokunywa utotoni. Meno hayo hayanuki kwa sababu ya rangi. Nimeona vijana wakifunga midomo kwa aibu ya kosa ambalo si lao.

Harufu inatoka upande mmoja, na chakula kinakwama palepale

Tafuta jino lililotoboka, kisiki cha jino lililovunjika, au jino lililozibwa ambalo kizibo kimepasuka. Nusa uzi baada ya kupita hapo. Kusukutua hakuzibi tundu. Linazibwa au jino linang'olewa. Kwa vijana wa kati ya miaka 17 na 25, angalia gego la mwisho linalochomoza: mara nyingi huwa limefunikwa nusu na kipande cha fizi, chakula kinaingia chini yake kinaoza, na kufungua mdomo kunauma. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, kisha mwone daktari.

Uliyeng'olewa jino, ukaanza kuumwa sana siku ya pili hadi ya nne na tundu likanuka, rudi ulikong'olewa. Bonge la damu limetoka na mfupa umebaki wazi.

Meno ya bandia yavuliwe usiku, yasuguliwe, yalale kwenye maji safi. Anayelala nayo ananuka, na fizi chini yake inaota fangasi.

Mdomo mkavu

Mate ndiyo yanayoosha kinywa mchana kutwa. Yakipungua, bakteria wanatamba. Usiku mate hupungua kwa kila mtu, ndiyo asili ya harufu ya asubuhi, na hiyo ikiisha baada ya chai na mswaki si ugonjwa.

Chanzo cha ukavu wa mchana mara nyingi ni dawa. Angalia unachomeza: dawa za mzio zinazoleta usingizi, baadhi ya dawa za presha zinazokojoza, amitriptilini na nyingine za sonona. Usiache dawa ya presha kwa sababu ya harufu. Mweleze daktari, huenda akabadilisha aina au muda. Wanaolala midomo wazi kwa sababu pua imeziba wanaamka na ulimi kama ubao, na hapo pua ndiyo ya kutibiwa. Mirungi, ambayo Kenya wanaita miraa, hukausha kinywa kwa saa nyingi. Sigara, ugoro na tambuu yenye tumbaku huleta harufu yake, huharibu fizi, na huficha damu, kwa sababu tumbaku hubana mishipa ya fizi na mgonjwa anadhani yuko salama.

Mwezi wa Ramadhani harufu ya mchana inatokana na ukavu huu. Waislamu tunaijua hadithi ya Mtume kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga ni nzuri kwa Mwenyezi Mungu kuliko miski, kwa hiyo haina haja ya kumtia mtu unyonge. Bado, mswaki baada ya futari na baada ya daku, ulimi ukakwanguliwa, na maji ya kutosha kati ya hizo mbili, hupunguza sana.

Kwa siku za kawaida: kunywa maji kidogo kidogo, tafuna bigijii isiyo na sukari ili mate yatoke, punguza kahawa kavu.

Mdomo ni msafi, unatema vijipunje vyeupe

Unakohoa, kinatoka kitu cheupe au cha manjano kama kipande cha punje ya wali. Ukikibonyeza kinanuka vibaya kuliko unavyotarajia. Hicho ni kijiwe cha mafindofindo: mabaki yaliyonasa kwenye vishimo vya tezi za koo. Si saratani. Sukutua koo kwa maji ya chumvi baada ya kula, vingi vinatoka vyenyewe. Usivichokonoe kwa pini. Vikirudi kila mara pamoja na koo kuuma, kamwone daktari wa masikio, pua na koo.

Makamasi mazito yanayoshuka nyuma ya koo, uso kuuma ukiinama, pua moja au zote kuziba kwa wiki nyingi: hiyo ni sinasi.

Mtoto mdogo akinuka ghafla, na kamasi lenye harufu linatoka tundu moja tu la pua, usimpe dawa ya mafua. Mulika tochi. Mara nyingi kuna harage, shanga au kipande cha sponji ya godoro alichokisukuma humo siku kadhaa zilizopita. Usijaribu kukitoa kwa kibanio, utakisukuma ndani. Mpeleke hospitali, na kama unahisi ni betri ndogo ya saa, nenda saa hiyo hiyo, kwa sababu betri huunguza nyama ya pua ndani ya saa chache.

Na tumbo je?

Umio umefungwa muda mwingi, kwa hiyo hewa ya tumboni haipandi ovyo. Hupanda ukibeua. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara anayecheua maji machungu anaweza kupata harufu kutoka huko, na atibiwe kiungulia chake. Lakini kama huna kiungulia, hucheui, na chakula kinashuka vizuri, acha vidonge vya asidi na uende kwa daktari wa meno.

Kitunguu saumu kina njia yake. Kikishasagwa tumboni, sehemu ya salfa yake huingia kwenye damu na kutoka kwa mapafu, ndiyo maana unaweza kupiga mswaki mara tatu na bado ukanuka hadi kesho yake. Subiri tu.

Harufu zinazotaka hospitali, si mswaki

Pumzi tamu kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, au kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, pamoja na kiu kali, kukojoa sana, kutapika au kuhema kwa nguvu, ni sukari iliyopanda kwa hatari. Hata kama mtu hajawahi kuambiwa ana kisukari, mwahishe hospitali. Harufu ya mkojo kwa mtu aliyevimba miguu na uso huelekeza kwenye figo. Uvundo mtamu kwa mwenye macho ya manjano huelekeza kwenye ini. Kikohozi chenye makohozi yanayonuka na homa ni mapafu yenye usaha.

Kuna moja linalonikosesha raha zaidi. Mtoto wa miaka miwili hadi sita, aliyedhoofika au aliyetoka kuugua surua, fizi zake zikawa na vidonda vinavyonuka vibaya, kisha shavu likavimba: huo unaweza kuwa ugonjwa uitwao noma. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023. Hula nyama ya uso kwa siku chache na usipotibiwa huua watoto wengi. Ukiwahiwa fizi zikiwa bado zina vidonda tu, antibayotiki, usafi wa kinywa na lishe huweza kuuzuia. Usisubiri shavu liwe jeusi.

Unaisikia wewe peke yako

Wapo ambao harufu yao hakuna mwingine anayeinusa. Umeuliza watu watatu unaowaamini, daktari wa meno amekagua, wote wanasema hakuna kitu, na bado unakaa mbali na watu, unasoma kila mtu anayejishika pua kwenye daladala kama anakusema wewe. Mateso haya ni ya kweli hata kama harufu haipo. Chanzo chake ni wasiwasi, na una matibabu. Mwambie daktari hivyo hivyo ulivyo, usiongeze dawa ya kusukutua ya tano.

Tukizungumzia dawa za kusukutua: zenye pombe nyingi hukausha mdomo. Zenye klorheksidini zina nguvu, lakini zikizidi wiki mbili hutia meno madoa na kubadilisha ladha, kwa hiyo zitumie kwa maelekezo. Zenye zinki huzikamata gesi za salfa na zinafaa zaidi kwa harufu. Karafuu na iliki hufunika kwa nusu saa, nazo hazina ubaya. Mkaa, majivu na chumvi kavu visisuguliwe; vinamomonyoa jino.

Ukiisikia kwa mwingine

Mwambie mkiwa wawili tu, kwa sentensi moja, na usimpe pipi badala ya maneno. Shangazi yangu alisema mara moja, hakurudia, kisha akavuta ungo karibu na kuniuliza habari za kazini. Kama ni mdogo wako au mwanao, mwoneshe kijiko kinavyotumika kwenye ulimi wako kwanza, halafu mwende naye kwa daktari wa meno, maana ugaga hatautoa mwenyewe.